Sahihi ya Macho Manne

Uvumi huo ulimfikia fundi cherehani akiwa na pini nne mdomoni. Mteja wake, muuza mkaa, alikuwa amesimama mbele ya kioo akipimwa gauni, na kama ilivyo kwa watu wanaopimwa nguo, mwili ulitulia lakini ulimi haukutulia.

"Mama Fundi, mimi simo," alianza.

Ukisikia mtu anasema hayumo, ujue yumo mpaka shingoni.

"Ila watu wanasema binti yako ndiye aliyewafungulia mlango wale wezi wa namba za simu za wagonjwa. Jina lake limo kwenye programu ya zahanati. Nesi kaliona kwa macho yake."

Fundi alizitoa pini moja moja. "Jina gani?"

"Macho Manne. Sasa mtaa huu Macho Manne ni nani mwingine?"

"Binti yangu hata chumvi ya jirani haazimi bila kuandika kwenye karatasi," alisema Fundi, akacheka. Kicheko kilitoka kikavu kama kikohozi. Muuza mkaa naye akacheka, akavua gauni, akaenda zake kuyapeleka maneno nyumba inayofuata.

Maneno yakabaki. Yalimkaa Fundi kama mwiba wa samaki kooni: akimeza yamo, akikohoa yamo. Alishona mkono wa kushoto wa gauni upande wa kulia, akafumua, akaushona tena palepale. Kilichomchoma si aibu ya mtaani peke yake. Binti yake alikuwa karibu kuitwa mwizi maisha yake yote, na Fundi alijua jambo ambalo muuza mkaa hakulijua. Kama kweli mlango huo ulifunguliwa, mkono uliomsukuma binti ulikuwa wa mama yake mzazi.

Macho Manne alikuwa binti yake wa pili, jina alilobandikwa utotoni kwa sababu ya miwani, naye akalipokea kama zawadi. Alikuwa karani katika ghala la vitabu vya shule. Akitoka kazini, na siku za Jumapili, alikaa kwenye meza ya pembeni, upande wa pili wa cherehani ya mama yake, akakagua vifurushi.

Mwanzoni Fundi hakuelewa. Kifurushi alichokijua yeye ni cha nguo au cha muda wa maongezi kwenye simu. Binti akamweleza taratibu. Kuna programu za kompyuta ambazo ni huria: yeyote anaruhusiwa kuzichukua, kuzitumia, na hata kuzifungua aone zilivyoundwa. Programu hizo hukusanywa katika hazina moja kutoka kwa watu mbalimbali, kila mtu analeta kipande chake, ndicho kifurushi. Kimoja kinachapa risiti, kingine kinapanga tarehe za chanjo. Shule na zahanati zisizo na uwezo wa kununua programu huchukua kutoka kwenye hazina hiyo. Na kwa kuwa yeyote anaruhusiwa kuleta, anakuja mwenye akili, anakuja mjinga, na mwizi naye hakosi. Kwa hiyo mlangoni pamewekwa wakaguzi wa kujitolea, wanaokutana kila Jumamosi nyuma ya duka la daftari. Kila kifurushi kinasomwa na wakaguzi wawili, mstari kwa mstari, kila mmoja kwa wakati wake, na wote wawili wanaweka sahihi. Majina yao yanabaki pale, yeyote ayaone.

"Mama, mtu akikuletea gauni alilolishona mwingine, akakwambia ulitie lebo yako, utafanyaje?" binti aliuliza.

"Kwanza niligeuze ndani nje. Nitazame mishono."

"Basi ndiyo kazi yetu hiyo. Tunageuza ndani nje."

Hapo Fundi alielewa, na tangu siku hiyo alijivuna kidogo. Lakini alikasirika pia, maana mshahara hakuuona, na shukrani hakuziona. Alichokiona ni matusi. Binti alikuwa akimsomea barua za watu walioleta vifurushi vyao: "Wiki tatu nangoja, mmelala?" "Nyinyi ni miungu watu." "Mnabania kwa wivu." Binti alisoma huku anacheka.

"Tusi hili unalichekea?"

"Ni foleni, mama. Vifurushi mia moja na arobaini, wakaguzi wanne."

"Waache basi! Wajikagulie wenyewe!"

"Na zahanati itatumia nini?"

Fundi akasonya, akakanyaga cherehani kwa nguvu mpaka uzi ukakatika.

Kisha akaja Injinia.

Huyu alikuwa mtoto wa kaka yake Fundi, kijana wa miaka thelathini kasoro, mwenye begi la kompyuta begani hata akienda dukani kununua kiberiti. Uinjinia wenyewe hakuwa nao. Jina alijipa, watu wakachoka kubisha. Alikuwa ametengeneza kifurushi cha kuwakumbusha wagonjwa tarehe za kliniki kwa meseji, na kilikuwa kwenye foleni mwezi mzima. Alikuja, akavua viatu mlangoni kwa adabu zote.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Mbona umekonda?"

"Nitakosaje kukonda, na dada ndiye ananibania? Kuna watu wamenishikia kazi, Shangazi. Wamesema kifurushi kikipita tu, meza yangu ipo, kiti changu kipo. Dada angekipitia leo, kesho mimi ni mtu na heshima zangu. Lakini kanikana kama hanijui."

Fundi alimgeukia binti yake, aliyekuwa palepale mezani.

"Unasikia?"

"Nasikia, mama. Sijamkana. Kwetu mkaguzi hagusi kazi ya ndugu yake. Anasema huyu ni ndugu yangu, anampisha mwingine. Kikifika mbele ya foleni nitasema hivyo."

"Na huyo mwingine atafika lini?"

"Zamu ikifika."

"Kwa hiyo mtoto wa kaka yangu atakosa kazi kwa kosa la kuwa ndugu yako? Undugu umekuwa ukoma?"

"Sikusema hivyo."

"Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Hao wenzako wa Jumamosi, siku nikifa, watakuja kunichimbia kaburi?"

"Mzee Nukta atakuja," binti alisema, akijaribu utani. "Atapima shimo na kulirudisha mara mbili."

Mzee Nukta alikuwa mpima ardhi mstaafu, mkaguzi mkongwe kuliko wote. Aliitwa hivyo kwa sababu aliwahi kurudisha kazi ya mtu kwa ajili ya nukta moja. Siku nyingine Fundi angecheka. Siku hiyo alinuna, na kununa kwake hakukuwa kwa mchezo. Siku ya kwanza aliweka sahani ya binti mezani bila neno. Siku ya pili, hivyo hivyo. Siku ya tatu, Jumapili mchana, alisimama katikati ya chumba akasema lile neno ambalo mama hapaswi kulitoa mdomoni kama mtu anavyotema mbegu za chungwa.

"Kama huwezi kumsaidia ndugu yako, radhi yangu usiitafute. Na maziwa uliyonyonya uniambie nitayadai kwa nani."

Binti aliinua uso. Nyuma ya miwani macho yalikuwa makavu, lakini midomo ilikuwa imepauka. Akavuta kiti, akafungua kifurushi cha binamu yake, akaanza kusoma.

Alisoma kweli. Alisoma kuanzia adhuhuri mpaka jua lilipohamia ukuta wa pili, kidole kikishuka mstari mmoja mmoja. Kifurushi kilikuwa kisafi. Hapo ndipo simu yake ilipolia, na Fundi, aliyekuwa mlangoni mikono kiunoni, aliisikia sauti ya Injinia ikitoka kwenye simu.

"Dada, nimeona herufi mbili nimezikosea kwenye maelezo. Nimezirekebisha, nimerudisha. Usianze upya, ni herufi tu."

Utaratibu wao ulimruhusu mwenye kifurushi kurekebisha kazi yake mpaka sahihi ya pili iwekwe. Lakini akirekebisha, hata kama ni mkato mmoja, mkaguzi anaanza tena mstari wa kwanza. Binti alilijua hilo kuliko alivyolijua jina lake. Alitazama skrini. Alimtazama mama yake.

"Imekwisha, au bado?" Fundi aliuliza.

"Imekwisha," binti alisema, akaweka sahihi.

Sahihi ya pili ilikuwa ya Mzee Nukta. Kwa miaka miwili alikuwa ameipitia kazi ya Macho Manne bila kukuta tundu hata moja. Wiki hiyo foleni ilikuwa imemfika shingoni, akaona jina la Macho Manne, akasema moyoni, huyu akipitisha kimepita, akasaini bila kusoma. Hakuna aliyemwambia kwamba mwenye kifurushi ni binamu.

Hizo herufi mbili hazikuwa herufi. Zilikuwa mistari kumi na mmoja.

Zahanati ikakichukua kifurushi, nesi akafurahi, wagonjwa wakaanza kukumbushwa tarehe zao. Wiki ya tano zikaanza kuja meseji nyingine, kutoka kwa wauza dawa za miujiza, kila mgonjwa na ugonjwa wake. Mwalimu wa chekechea, jirani wa nyumba ya nne, alikuwa akitumia dawa za kifafa mwaka wa tisa, na kifafa hakikumwangusha hata mara moja ndani ya miaka hiyo. Aliyejua ni yeye, mumewe na nesi. Siku hiyo simu yake ilikuwa mkononi mwa mama mkwe wake aliyeiazima kupiga. Meseji ikaingia: "Dada, kifafa kinapona kabisa. Tupigie." Mama mkwe alisoma kwa sauti, sebuleni, mbele ya wageni. Kufikia Ijumaa watoto tisa walikuwa wameondolewa darasani.

Habari hizo Fundi alizisikia, akamsikitikia Mwalimu kama kila mtu, akalaani wezi kama kila mtu. Mpaka siku ya gauni la muuza mkaa.

Binti aliporudi kutoka ghalani, mama hakungoja avue viatu.

"Kile cha Injinia. Kifungue."

"Kwa nini?"

"Kifungue, nakwambia! Kigeuze ndani nje!"

Binti alifungua. Alisoma amesimama, begi bado begani. Alipofika mahali fulani akakaa, taratibu, kama mtu anayekaa juu ya kitu asichokiona.

"Mama," alisema, "hii sikuisoma."

"Ni nini?"

"Inachukua namba ya kila mgonjwa na jina la kliniki yake, inapeleka nje."

Fundi alipandwa na hasira ambayo hata yeye aliiogopa. Kwanza ilimwendea binti: si ulisema imekwisha? Kisha ikageuka njiani, maana aliyeuliza kama imekwisha ni nani? Ikabaki imesimama haina pa kwenda, ndipo ikapata miguu. Alijifunga kanga, akaondoka na kastabini ya shaba ya kushonea bado kidoleni.

Injinia alikuwa sebuleni kwa baba yake, anasugua viatu.

"Shikamoo, Shangazi! Karibu."

"Leo sina marahaba. Namba za watu umezipeleka wapi?"

"Shangazi, hayo ni mambo ya kitaalamu, wewe..."

"Mimi niliishia shule ya msingi. Nijibu kwa kiasi hicho hicho."

Injinia alimtazama baba yake. Kaka mtu akaanza kusafisha koo, dalili kwamba anatafuta uongo wa kiungwana.

"Namba ya simu si siri, Shangazi," Injinia alisema. "Ni kampuni ya matangazo. Walitaka kuona kama naweza. Sikujua wataziuzia nani."

"Ungekuwa hukujua ungezificha? Ungempigia dada yako ukamwambia ni herufi?"

"Dada yangu," kaka aliingilia, "usimwage mtama penye kuku wengi. Yaishe kifamilia."

"Mwalimu wa chekechea ni familia ya nani?"

Kaka akatazama viatu vya mwanawe.

"Nakuuliza, kaka. Ni familia ya nani?"

"Kwani sahihi ni yangu?" Injinia alisema, na sasa sauti ilikuwa imepoteza adabu. "Sahihi ni ya dada. Wakiniuliza nitasema alijua. Nani atabisha? Jina lake ndilo lililo pale."

Fundi alikuwa amembeba huyu mgongoni. Alikuwa amemshonea kaptula ya kwanza ya shule. Alimtazama kama mtu anavyotazama kitambaa alichokinunua gizani.

"Mimi nitabisha," alisema. "Nilikuwepo. Nilisimama mlangoni. Jumamosi njoo nyuma ya duka la daftari, uyaseme hayo mbele yangu."

Jumamosi hakuja.

Wakaguzi walikutana chumba cha nyuma, kati ya maboksi ya chaki na madaftari: Mzee Nukta, Macho Manne, na wengine wawili. Fundi alikaa juu ya boksi, bila kualikwa. Alikuta kumbe binti alishatangulia. Jioni ile ile aliyofungua kifurushi alikuwa amekiondoa kwenye hazina, akawaandikia zahanati wakifute, na akaandika barua ya wazi kwa watu wote wa mradi. Mzee Nukta aliisoma kwa sauti. Iliandikwa kwamba mwenye kifurushi ni binamu yake, kwamba alijua sheria akaivunja, kwamba kilipobadilishwa hakuanza upya. Jina la mama halikuwamo. Neno radhi halikuwamo.

Majibu yalikuwa yameshaanza kuja. Wale wale waliokuwa wakilia kwamba wakaguzi wanachelewa, sasa waliandika: "Wakaguzi gani hawa wanaopitisha mbio mbio?"

Fundi alisimama.

"Kuna mtu hamjamwandika. Ni mimi. Nilimnyima neno siku mbili, siku ya tatu nikamtishia radhi. Andikeni. Na muandike kwamba mtoto aachiwe sahihi yake, adhabu ni yangu."

Mzee Nukta alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Tutaandika, mama. Na tutaandika kwamba hakuna ushahidi kuwa alijua, na kwamba ndiye aliyegundua na kusema. Hapa hataitwa mwizi. Lakini sahihi hatuwezi kumwachia."

"Nimekwambia kosa ni langu!"

"Sahihi ni neno la kwamba nimesoma. Hakusoma. Mimi nami sikusoma, nilimsoma yeye. Zimeondoka mbili, yake na yangu. Wamebaki hawa wawili na foleni yote ile."

Fundi alitaka kumtukana mzee yule. Tusi lilikuwa tayari, la mama mtu mzima, lenye mizizi. Alimtazama binti yake amsaidie, na binti alikuwa akitikisa kichwa kukubaliana na Mzee Nukta. Fundi akalimeza tusi lake, likashuka chungu.

Kutoka pale walikwenda kwa Mwalimu. Aliwapokea kizingitini, hakuwaambia waingie. Binti alieleza yote, wima, bila kujitetea. Mama akaongeza la kwake. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho kama anavyosikiliza watoto.

"Nilikuwa na kumi na wawili," alisema. "Wamebaki watatu, na hao watatu ni wa mama mmoja. Samahani zenu nimezisikia. Sasa nizifanyie nini? Mtaani wanajua ugonjwa wangu, wanajua jina la huyu binti. Jinsi ilivyofanyika hawajui. Nendeni mkawaambie hilo. Mkiona haya kulisema, liandikeni."

Akafunga mlango, si kwa kishindo.

Njiani binti alitembea hatua mbili mbele. Walipofika nyumbani alifunika kompyuta yake kwa kitambaa, akamwambia mama kwamba mwezi ukiisha atahamia kwa dada yake mkubwa, karibu na ghala. Alisema kwa upole, na upole ule ulimuuma Fundi kuliko kofi.

"Radhi yangu unayo," Fundi alisema.

"Najua, mama. Ndiyo maana sitaki tena kuiomba."

Kesho yake Fundi alikata karatasi ya kuchorea mitindo, akaandika kwa herufi kubwa alizofundishwa shule ya msingi, akaibandika kwenye mlango wake wa mbele, mahali wateja wanaposimama kungoja. Juu aliandika yote yalivyotokea, na jina lake kwanza. Chini aliandika ya kuepuka:

Usimwambie mwanao aweke sahihi kwenye kitu ambacho hajakisoma chote.

Usimtishie mtoto kwa radhi. Atafanya unalotaka, na hapo ndipo hasara ilipo.

Usikague kazi ya ndugu yako, hata kama unamwamini. Sema ni ndugu yako, umpishe mwingine.

Ukiambiwa "ni herufi tu," usiamini. Anza mstari wa kwanza.

Usisaini kwa sababu mwenzako amesaini.

Usiwatukane wanaojitolea kwa kuwa wamechelewa. Mimi mtoto wangu nilimharakisha, mmeona.

Usiseme yaishe kifamilia kama aliyeumia si wa familia yako.

Usimwondoe mtoto wako kwa Mwalimu. Kifafa hakiambukizwi. Muulize nesi.

Ukipata meseji ya dawa za miujiza, usipige namba hiyo. Usiifute pia. Mpelekee nesi aione.